Maurice Wilks na gari lililozaliwa na uhaba: somo kwa mafundi wa Balambala na wa Pwani

Ukiuliza watu wa Balambala Maurice Wilks alikuwa nani, hutapata jibu. Lakini taja Land Rover, na kila mtu mzima atakuwa na la kusema. Mmoja atakueleza lile la polisi, mwingine lile la daktari wa mifugo, wa tatu lile la mfanyabiashara aliyekuwa akileta sukari na unga kutoka Garissa mjini wakati mvua imekata njia zote. Gari linajulikana, aliyelibuni hajulikani. Leo nataka kumtambulisha mtu huyo kwenu wasomaji, na sababu ninayo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yangu iko Mombasa, lakini kwa miaka mingi kazi imenipeleka kaskazini, kupitia Garsen na Hola hadi Garissa, na kutoka hapo kuufuata mto Tana kupanda juu mpaka Balambala. Kazi yenyewe ni malori ya mifugo, matangi ya maji na pikapu za abiria. Huko nimekuta Land Rover zilizonizidi umri zikiwa bado zinatembea. Nimekuta pia magari ya juzijuzi yamepandishwa juu ya mawe, hayana wa kuyatibu. Tofauti baina ya hayo mawili si injini peke yake. Ni aina ya madini yaliyochaguliwa, na namna vipande vyake vilivyounganishwa. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na kwenye gari pabovu huwa ni kwenye maungio. Wilks aliyafikiria maungio kuliko wengi wa zama zake, na ndiyo maana maisha yake yanafaa kusimuliwa kwetu.

Alizaliwa tarehe 19 Agosti 1904 katika kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Alisoma shule ya Malvern, kisha akaingia moja kwa moja kwenye viwanda vya magari. Mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka 18, alianza kazi katika kampuni ya Hillman. Mwaka 1926 alivuka bahari kwenda Marekani na kufanya kazi General Motors kwa miaka miwili. Wakati huo Marekani ilikuwa mbele ya dunia nzima katika kuunda magari kwa wingi. Kijana huyu akaona kwa macho yake jinsi mabati ya chuma yanavyokandamizwa kwa mashine kubwa zenye kalibu, yakatoka na umbo la mlango kwa pigo moja.

Aliporudi Uingereza mwaka 1928 aliingia tena Hillman, na mwaka 1930 akaajiriwa na kampuni ya Rover kuwa mhandisi mkuu. Kaka yake, Spencer Wilks, alikuwa ametangulia pale mwaka mmoja kabla. Rover ya siku hizo ilikuwa kampuni yenye madeni, iliyokuwa ikitoa magari mengi yasiyo na sifa. Ndugu hao wawili waligawana kazi. Spencer alishika hesabu na uongozi, Maurice akashika ufundi. Walipunguza aina za magari, wakasisitiza ubora, na kufikia kati ya miaka ya 1930 kampuni ilikuwa imesimama kwa miguu yake.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Pili. Serikali ya Uingereza iliikabidhi Rover kazi ya kutengeneza injini ya ndege isiyo na rafadha, ile iliyobuniwa na Frank Whittle. Wilks na wahandisi wake walihangaika na injini hiyo kwa miaka kadhaa. Walihitilafiana sana na Whittle mwenyewe kuhusu nani mwenye haki ya kubadilisha mchoro. Mwaka 1943 kazi hiyo ilihamishiwa kwa Rolls-Royce, na Rover ikapokea badala yake kazi ya injini ya kifaru. Hata hivyo miaka ile haikupotea bure. Injini ya aina hiyo hukaa kwenye moto mkali na hubebwa na ndege inayopaswa kuwa nyepesi, kwa hiyo anayeiunda hana budi kujua kila madini hufanya nini yanapopata joto na mzigo.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Rover ilijikuta katika hali ngumu. Karakana zake za zamani mjini Coventry zilikuwa zimepigwa mabomu. Ilipewa kiwanda kikubwa cha Solihull, kilichojengwa kwa ajili ya vita, lakini kiwanda kikubwa bila kazi ni mzigo. Na chuma hakikuwapo. Serikali ilikuwa ikigawa chuma kwa vipimo, na aliyepewa ni yule aliyeweza kuuza magari nje ya nchi na kuleta fedha za kigeni. Magari ya Rover yalikuwa ya waungwana wa Kiingereza, na ng'ambo hayakuwa na soko kubwa. Bila kuuza nje hakuna chuma, na bila chuma hakuna cha kuuza.

Jibu alilipata shambani. Wilks alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, upande wa Wales, na huko alikuwa akitumia Jeep kuukuu ya Willys iliyoachwa na jeshi la Marekani. Ilimvutia magogo na kumpitisha kwenye mchanga na matope. Lakini ilikuwa imechoka, na vipuri vilikuwa taabu kupatikana. Alipojiuliza atanunua nini ikifa, aliona hakuna gari la Kiingereza la kushika nafasi yake. Mwaka 1947, kwenye ufuo wa Red Wharf Bay hukohuko kisiwani, inasimuliwa kwamba alichora kwenye mchanga umbo la gari alilolifikiria na kumwonyesha kaka yake. Sisi tuliokulia ufuoni tunajua mchoro wa mchangani haudumu zaidi ya maji kujaa. Huu ulidumu miaka 68 kiwandani.

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza.

Tatizo la kwanza lilikuwa bodi. Chuma cha kutosha hakikuwapo, lakini alumini ilikuwapo, kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Wilks akachagua mchanganyiko uitwao Birmabright, uliotengenezwa karibu na Birmingham, ambao ni alumini iliyotiwa magnesi. Alumini ina uzito kama theluthi moja tu ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule. Haili kutu ile nyekundu tunayoijua, kwani hewa ikiigusa hujifunika kwa utando mwembamba mgumu unaoilinda. Na mchanganyiko huo hukunjika vizuri kwa mkono.

Tatizo la pili lilikuwa kalibu. Kutengeneza kalibu za kukandamiza mabati ni gharama kubwa, na Rover haikutaka kutumia fedha hizo kwa gari ililolihesabu kuwa la muda, la miaka miwili mitatu tu hadi mambo yatengemae. Kwa hiyo mabati ya gari yakawa bapa, yenye mikunjo iliyonyooka. Ukitazama Land Rover ya kwanza utaona hakuna mviringo wa pambo. Wengi hudhani ni mtindo. Ukweli ni kwamba ni umbo la mtu asiyekuwa na kalibu. Na bati bapa lenye mkunjo ulionyooka, fundi yeyote duniani mwenye nyundo na ubao anaweza kulikunja upya.

Tatizo la tatu ndilo linalonigusa zaidi mimi mchomeleaji. Chesisi haiwezi kuwa ya alumini laini, na mihimili ya chuma ya umbo la sanduku ilihitaji mashine ambazo hazikuwapo. Mhandisi wa Rover aitwaye Olaf Poppe akaleta njia nyingine. Walichukua bati la chuma, wakalikata vipande virefu vinne vya kila mhimili, wakavipanga kwenye kishikio maalumu ili visipinde kwa joto, kisha wakavichomelea pembeni kote vikawa sanduku refu. Anayejua kuchomelea anajua ugumu wake. Joto huvuta chuma, na ukichomelea upande mmoja kwa urefu wote, mhimili hupinda kama upinde wa mshale. Ujanja ulikuwa kwenye kile kishikio na kwenye mpangilio wa kuchomelea. Ndivyo vipande vyepesi vya bati vilivyotoa mhimili mgumu ajabu. Tazama fundi wa jua kali wa Garissa anavyounda chesisi ya tela kwa mabati aliyonayo, utaona njia ni ileile.

Tatizo la nne lilikuwa namna ya kushikanisha alumini na chuma. Huwezi kuvichomelea pamoja kwa njia za kawaida. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto zipatazo 660, chuma kwenye 1,500 hivi. Wilks akatumia ribiti na bolti. Mabati yakapigwa ribiti kwenye fremu na pembe zilizochovywa katika zinki, na sehemu kubwa za bodi zikafungwa kwa bolti. Sehemu ya nyuma nzima ya kubebea mizigo unaweza kuifungua na kuiinua. Mabawa ya mbele unaweza kuyatoa kwa spana.

Gari lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam. Lilikuwa na injini ya lita 1.6 na magurudumu manne yote yakivuta. Bei ilikuwa pauni 450. Hata rangi yake ya kijani ilikuwa ni mabaki ya rangi ya jeshi. Kilichokusudiwa kuwa kazi ya muda kikageuka kazi ya kampuni nzima. Katika muda mfupi Land Rover zilizouzwa ziliyapita magari ya kifahari ya Rover. Kufikia mwaka 1959 zilikuwa zimetoka robo milioni, na mwaka 1966 ikafika nusu milioni.

Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizolipokea mapema. Katika ile iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, Land Rover ikawa gari la serikali ya kikoloni, la polisi, la askari wa wanyamapori. Haki inanitaka niseme pia kwamba wazee wa huko hawalikumbuki kwa wema peke yake. Lilibeba chanjo za ng'ombe, na lilibeba askari. Wilks aliaga dunia nyumbani kwake Anglesey tarehe 8 Septemba 1963, akiwa na miaka 59 na akiwa mwenyekiti wa Rover. Miezi mitatu baadaye Kenya ilipata uhuru, na mwisho wa mwezi huohuo wa Disemba hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki. Vita vya Shifta vilivyofuata viliendelea hadi mwaka 1967, na gari lililochorwa kwa ajili ya shamba likajulikana na wengi kama gari la msako. Chombo hakichagui dereva.

Ng'ambo ya pili ya Tana, upande wa Balambala kuelekea juu ya mto, ndiko kwenye msitu wa Kora alikoishi George Adamson, mlezi wa simba. Kwa miaka mingi alizunguka kwa Land Rover katika nchi isiyo na njia, na alikuwa ndani ya Land Rover siku alipouawa na majambazi, tarehe 20 Agosti 1989. Gari la Wilks limefungamana na historia ya mto ule, ya kheri na ya shari.

Wilks mwenyewe hakuwa mtu wa kujitangaza. Mwaka 1950 kampuni yake ilionyesha gari la kwanza duniani linaloendeshwa kwa injini ya tabo, ya ukoo uleule wa injini za ndege alizozihangaikia wakati wa vita. Watu walishangilia gari hilo, lakini halikuuzwa hata moja. Lile la mabati bapa ndilo lililobaki.

Sasa niseme na upungufu wake, maana sifa bila hesabu ni kama mashua bila kalafati. Wilks alitibu uhaba wa chuma, lakini aliacha ugonjwa ndani ya gari, na sisi wa Pwani tunaujua kuliko watu wa Balambala. Alumini na chuma vikigusana, na kukawa na maji ya chumvi kati yake, hutokea kitu kama betri ndogo. Alumini huanza kuliwa. Utaiona ikitoa unga mweupe kuzunguka ribiti na kwenye kingo za mlango, mpaka bati likatoboka kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Zile sehemu zilizochovywa zinki zilipunguza tatizo, hazikuliondoa. Na ile chesisi ya sanduku, kwa kuwa ndani ni tupu, hukusanya mchanga na maji. Kutu huanzia ndani. Nje unaona rangi nzima, ukigonga kwa nyundo inaingia.

Land Rover ya Mombasa au Lamu, inayopigwa na hewa ya bahari kila siku, huoza chesisi ilhali injini bado nzima. Ya Balambala, kwenye hewa kavu, chesisi hudumu. Kinachoiua kule ni mpasuko. Barabara ya mawe na lagha hutikisa mhimili mchana kutwa, na chuma kilichochoka hupasuka karibu na pale palipochomelewa au pale springi inaposhikia. Kwa hiyo fundi wa Pwani hupigana na kutu, fundi wa Balambala hupigana na uchovu wa chuma. Dawa zao si moja.

Wajenzi wetu wa vyombo walilijua jambo hili zamani. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa kwa kamba ya nazi, haukupigwa misumari. Mbao zilizoshonwa hucheza kidogo juu ya wimbi au zinapogusa mwamba, wala hazipasuki upesi. Na jahazi la misumari halikuachwa hivihivi, lilitiwa pamba na mafuta kwenye maungio ili maji yasipenye. Kutenganisha vitu viwili visivyopatana, na kuacha maungio yapumue, ni elimu tuliyokuwa nayo. Fundi anayeweka mpira au rangi nzito kati ya alumini na chuma kabla ya kupiga ribiti anafanya kalafati ileile.

Ribiti hizo tunaziweza. Yaliyokuja baada ya Wilks ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu, kwani bado hatujayajua vya kutosha.

Bodi ya gari dogo la leo haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Hushikanishwa kwa maelfu ya nukta za kuchomelea. Mabati mawili hubanwa kati ya ncha mbili za shaba, umeme mkali hupita, na pale yanapogusana huyeyuka na kushikana mahali padogo kama punje ya dengu. Nguzo za kando ya mlango, zinazomlinda abiria gari likipinduka, mara nyingi ni za chuma chenye boroni. Hupashwa moto hadi nyuzi 900 hivi, hukandamizwa, na hupozwa palepale ndani ya kalibu. Nguvu yake hupita ile ya chuma laini mara kadhaa. Lakini nguvu hiyo imetokana na joto na mpoo wa kipimo. Ukiigusa kwa mashine ya kawaida ya kuchomelea, unaifuta. Kwa macho nguzo itaonekana imepona. Gari likipinduka, itakunjika pembeni mwa kovu lako.

Magari mengine sasa yameirudia alumini ya Wilks, lakini kwa njia tofauti. Land Rover ya ukoo wa zamani ilitoka kiwandani Solihull kwa mara ya mwisho tarehe 29 Januari 2016. Iliyochukua jina lake, iliyozinduliwa mwaka 2019, ina bodi ya alumini isiyo na chesisi ya kando, iliyoshikanishwa kwa gundi maalumu na ribiti zinazojitobolea njia zenyewe bila tundu kuchimbwa kwanza. Ni kazi ya ustadi mkubwa. Gari huwa jepesi na gumu, na gundi huzuia alumini na chuma visigusane, jambo ambalo Wilks hakulimaliza. Sibezi maendeleo hayo. Lakini spana na nyundo haziyafungui.

Mfano nitakaoutoa ni wa kweli, wenyewe sitawataja. Gari moja lililokuwa likibeba wagonjwa upande ule wa Tana lilipasuka mhimili wa alumini unaoshikilia mguu wa nyuma. Niliitwa nilitazame. Mashine iliyokuwapo ilikuwa ya fimbo za chuma, inayotegemea jenereta. Kwa alumini haifai kitu. Ule utando unaoilinda alumini huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, wakati alumini yenyewe imeshamwagika chini. Inahitaji mashine ya gesi ya agoni, waya wa alumini, usafi kama wa hospitali, na hata hivyo kuna mihimili ambayo mtengenezaji anaamuru ibadilishwe, isichomelewe. Nilikataa kuigusa. Kipuri kiliagizwa ng'ambo, na kwa miezi kadhaa kina mama waja wazito wakapelekwa Garissa juu ya pikapu za mizigo. Pikapu hizo, za chesisi ya chuma laini, zilikuwa na viraka vitatu vya kuchomelea kila moja, na zilifika.

Ndipo nikamkumbuka Wilks. Hakuwaza kuhusu Balambala hata siku moja, lakini uhaba ulimlazimisha kuunda gari ambalo linaweza kufunguliwa pale lilipovunjikia. Magari ya leo yameundwa na watu wenye kila kitu, kwa ajili ya watu wenye karakana zenye kila kitu. Sisi tunayapokea, mengine yakiwa mitumba, bila elimu ya maungio yake. Hapo ndipo maisha ya abiria yanapowekwa rehani.

Nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wanaonunua magari ya umma ya kaunti na mashirika. Kabla ya kutia saini, ulizeni gari hili limeunganishwaje, na ni nani kati ya Garissa na Mombasa anayeweza kulitengeneza. Gari zuri la Nairobi si lazima liwe gari zuri la Balambala. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kiko hapahapa Mombasa, na kwa miongo kadhaa kimekuwa kikiunganisha malori na magari ya kazi. Elimu ya chuma ipo karibu, tuiulize.

La pili ni kwa vyuo vyetu vya ufundi, vya Pwani na vya Garissa. Kijana anayehitimu leo akijua fimbo za kuchomelea peke yake amesomeshwa nusu. Afundishwe ribiti na gundi, afundishwe gesi ya agoni, na zaidi ya yote afundishwe kulitambua dini la chuma kilicho mbele yake kabla ya kukigusa. Sumaku ndogo mfukoni inatosha kumwambia hii ni alumini au ni chuma. Kitabu cha mtengenezaji kitamwambia chuma gani. Kukataa kazi isiyokufaa ni sehemu ya ufundi.

La tatu ni kwa mafundi wenzangu wa chesisi za zamani, ambazo bado ndizo uti wa mgongo wa usafiri wa kule. Mpasuko usiufunike kwa kiraka tu. Toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, uchimbe ufa mpaka chini, ujaze, ndipo uweke kiraka. Kiraka kikatwe kama almasi, kisiwe mraba, ili mstari wa kuchomelea usikate mhimili moja kwa moja na kuzaa ufa mpya. Ondoa waya wa betri kwanza. Na sisi wa Pwani, fimbo zilizokaa kwenye unyevu tusizitumie kwenye mhimili wa gari la abiria. Zikaushe, au ziache.

Wilks alifanya kazi na alichokuwa nacho, akakijua kwa undani kabla ya kukikata. Land Rover zake zilizobaki Balambala siku moja zitakwisha, na hakuna atakayeunda nyingine. Magari yatakayozirithi yatakuwa ya gundi na nukta, na yatapasuka palepale kwenye lagha zilezile. Watakaoitwa kuyatazama ni vijana walio vyuoni sasa hivi.